Sauti inakatakata, chaji haikai: kusoma dalili za simu kabla ya kuifungua

Mteja akiniwekea simu mezani na kusema sauti inakatakata, swali langu la kwanza huwa la chaji: inakaa mpaka saa ngapi? Wengi hunitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Wamekuja na ugonjwa wa sauti, mimi nawauliza habari za betri. Lakini jibu lake hunipunguzia nusu ya kazi. Simu yenye sauti mbovu na chaji isiyokaa ni kisa kimoja. Yenye sauti mbovu na chaji nzima ni kisa kingine kabisa. Inayosikika vizuri huku ikimaliza chaji kabla ya adhuhuri ni cha tatu. Bisibisi sishiki mpaka nijue kipi ni kipi.

Sauti mbovu, na chaji haikai

Hiki ndicho ninachokutana nacho zaidi, na mara nyingi simu yenyewe ni nzima.

Redio iliyo ndani ya simu haisemi kwa nguvu moja siku zote. Mnara ndio unaoiamuru: paza, punguza, paza kidogo. Kwenye 3G amri hizo hutoka mara 1,500 kila sekunde. Ukiwa karibu na mnara, simu ya 4G hunong'ona tu. Inaweza kushuka mpaka sehemu moja ya milioni kumi ya wati. Ukiwa mbali, au ukiwa karibu lakini nyuma ya ukuta mnene, hupaza mpaka ukomo wake, ambao kwa simu nyingi za 4G ni wati 0.2. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 hufika wati 2, ila hurusha awamu moja tu kati ya nane, kwa hiyo wastani wake hauzidi robo wati.

Kupaza huko ndiko kunakokula chaji. Na simu ikishafika ukomo haina pa kuongeza. Hapo sasa sauti huanza kukatika. Maneno yako husafiri yakiwa yamekatwa vipande vya milisekunde 20, na kipande kikipotea njiani, simu ya upande wa pili huziba pengo kwa kurudia kipande kilichotangulia. Pengo moja halisikiki. Matatu manne mfululizo huwa sauti ya roboti, kisha kimya, kisha "haloo, haloo".

Angalia basi ni nani anayesema haloo. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, simu yako ina 0.2. Mawimbi yakidhoofika, sauti inayopotea kwanza ni yako inayokwenda, si ya mwenzio inayokuja. Wewe utamsikia bila shida, yeye atalalamika kwamba unakatika. Ndiyo maana watu wengi huondoka na imani kwamba simu mbovu ni ya mwenzao, kumbe aliyekaa pabaya ni wao.

Pima, usikisie kwa vijiti vya mtandao. Kila kiwanda hupanga vijiti vyake kinavyotaka, na vitatu vya simu hii vinaweza kuwa viwili vya ile. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Namba huwa chini ya sifuri, na kadiri inavyozidi kushuka ndivyo mawimbi yanavyodhoofika. Kwa 4G, -85 ni neema. Kwenye -100 bado mnaongea. Kuanzia -110 simu inapiga kelele, na ikikaribia -120 iko ukingoni mwa kukata. Tofauti ya 3 ni nguvu mara mbili, tofauti ya 10 ni mara kumi.

Dada mmoja wa mapokezi katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe aliniletea simu ambayo, kwa maneno yake, "inakufa saa nane mchana na wageni hawanisikii." Alikuwa ameshabadilishiwa betri kwingine. Nikaenda naye mpaka kazini kwake. Barazani, nje ya mlango, simu ilisoma -86. Ndani, kwenye meza yake, -114. Kati ya pale na pale palikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unaokaribia urefu wa mkono wangu kwa unene, na kuta zile za kale hunyonya unyevu, na unyevu hunyonya mawimbi. Tofauti ya 28 ni zaidi ya mara 600. Chaji haipandi mara 600, maana skrini na prosesa zina matumizi yao yasiyobadilika, lakini redio iliyokuwa inanong'ona barazani ilikuwa inapiga kelele mezani kutwa nzima, hata kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Tukahamisha meza hatua nne, karibu na mlango wa uani. Ikasoma -99. Sikulipwa, maana sikutengeneza kitu, nilipewa kahawa.

Kuta za matumbawe si peke yake. Mabati juu na mabati ubavuni ni kibanda ndani ya sufuria. Vioo vya maofisi mapya vyenye utando wa kuzuia jua vina madini ndani yake, na madini hayo hurudisha mawimbi kama yanavyorudisha joto. Masafa nayo yana tabia: 800 na 900 hupenya ukuta kuliko 1800, 2100 au 2600. Ndani ya nyumba nene, simu iliyong'ang'ania 4G ya masafa ya juu inaweza kuongea vibaya kuliko ikishushwa kwa mkono kwenye 3G au 2G ya masafa ya chini. Jaribu: Mipangilio, Mtandao, Aina ya mtandao unaopendelewa, chagua wa chini yake, piga simu. Kama sauti imenyooka, umepata jibu la muda. Intaneti itakuwa kobe, basi uirudishe 4G ukitoka.

Mkono wako nao ni ukuta. Antena nyingi ziko kwenye kingo za simu, hasa chini, mahali vidole vinapokumbatia. Mwaka 2010 dunia nzima ililijua hilo kupitia iPhone 4, iliyopoteza mawimbi ikishikwa kwa namna fulani mkono wa kushoto, mpaka Apple ikawa inagawa kava za bure. Kava yenye bati la sumaku la kubandikia kwenye gari hufanya ubaya uleule kimyakimya. Vua kava, pima tena dBm. Ikipanda 5 au zaidi, itupe.

Kuhusu vile vifaa vya kuongeza mtandao vinavyouzwa bila karatasi: sivifungi. Kikifungwa vibaya, antena ya ndani hulisha ya nje, kikaanza kupiga mluzi wa mawimbi unaozubaisha mnara, na mtaa mzima ukakosa sauti ili chumba kimoja kipate. Kama kampuni yako ya simu inaruhusu kupiga simu za kawaida kupitia Wi-Fi na simu yako inakubali, washa hiyo. Redio inayoongea na mnara itapumzika na ukuta utakuwa si hoja.

Hanisikii, lakini chaji iko sawa

Hapa sasa nashuku simu. Fungua kinasa sauti, ongea, sikiliza. Kikirekodi vibaya, maiki ya chini imeziba au imekufa. Vumbi, unga, na jasho la mfukoni hufanya kazi hiyo. Usichomeke sindano kwenye tundu. Nimebadilisha maiki nyingi zilizokuwa nzima kabla ya sindano. Brashi laini na kavu inatosha.

Kikirekodi vizuri lakini kwenye simu bado unasikika kama uko kisimani, kumbuka kwamba simu nyingi zina maiki ya pili juu, karibu na kamera. Kazi yake ni kusikiliza kelele za pembeni ili zitolewe kwenye sauti yako. Kava ikiifunika, au kidole kikikaa juu yake, simu husikia sauti yako kwa namna isiyoielewa na kuanza kuikata kana kwamba ndiyo kelele. Rekodi video fupi, maana video mara nyingi hutumia maiki hiyo. Ukijisikia kwa mbali, umempata.

Wewe ndiye usiyesikia? Angalia protekta. Zile za bei nafuu hufunika nusu ya tundu la spika ya sikioni, na nta ya sikio humalizia nusu iliyobaki.

Mwangwi ni rahisi. Anayesikia sauti yake ikimrudia hana tatizo. Mwenye tatizo ni yule wa upande wa pili, ambaye spika yake inalisha maiki yake. Mwambie apunguze sauti au avue kava. Mkishabishana dakika tano kila mmoja akimwambia mwenzie "simu yako mbovu", jua aliyesikia mwangwi ndiye aliyekuwa sahihi.

Inasikika bila kukatika, ila kama inatoka ndani ya debe

Huo si ugonjwa. Simu za zamani na mitandao ya 2G hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Herufi S na F zinatofautiana juu ya hapo, ndiyo maana ukitaja jina lenye S mtu husikia F. Mfumo mpana zaidi hubeba kuanzia 50 mpaka 7,000, na tofauti yake ni kama kutoa pamba masikioni. Ili upate huo, simu zote mbili ziwe na uwezo na mtandao uwe umeruhusu. Ukipiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine mara nyingi hurudi kwenye ule mwembamba.

Namna ya kujua uko wapi: piga simu huku ukitazama alama ya mtandao juu. Ikibaki 4G, unaongea kwa VoLTE, yaani sauti inapita kwenye 4G yenyewe. Ikigeuka H (3G) au E (2G), simu yako imeshuka kwenye mtandao wa zamani ili ipate kuongea, na ndiyo sababu inachukua sekunde kadhaa kabla ya kuita, na ikiwa E, data inalala mpaka umalize. Washa VoLTE kwenye mipangilio ya laini. Kama kitufe hakipo, ama simu haijakubaliwa na kampuni hiyo, ama laini yenyewe ni ya zamani na inahitaji kubadilishwa dukani kwao. VoLTE ina faida ya pili isiyotangazwa: kati ya pakiti na pakiti, yaani vile vipande vya sauti, redio husinzia, na ukinyamaza kumsikiliza mwenzio, badala ya kutuma kila milisekunde 20 hutuma kila 160. Wasikilizaji wazuri wanaokoa chaji.

Vijiti vimejaa, simu haitoki

Vijiti vinaonyesha jinsi unavyousikia mnara. Havisemi kama mnara una nafasi, wala kama unakusikia. Asubuhi ya Idi, au uwanjani mpira ukiisha, kila mtu anapiga. Simu yako inaona vijiti vinne na mnara hauna pa kukuweka. Subiri, au tuma ujumbe.

Kisa cha baharini ni kizuri zaidi. Kwenye boti kati ya Unguja na Dar, mwendo wa kilomita 70 na ushei, utaona simu ya 2G ina mawimbi mazuri kabisa na bado simu haiungi. Juu ya maji hakuna nyumba wala mti, mawimbi ya mnara yanakuja wazi. Lakini 2G hupanga wasemaji kwa zamu fupi sana, na sauti yako ikichelewa kufika huangukia kwenye zamu ya mwingine. Mnara uliowekwa kwa mpangilio wa kawaida huweza kukusahihisha mpaka kilomita 35 tu. Zaidi ya hapo, hata ungekuwa na nguvu za meli nzima, umechelewa.

Napiga kwa Wi-Fi, nasikia roboti

Hapa ndipo maofisi na nyumba za wageni zinapopoteza fedha, kwa kununua bando kubwa zaidi wakati kosa haliko kwenye bando. Simu ya sauti haihitaji intaneti kubwa. Pakiti 50 kwa sekunde, makumi machache ya kilobiti. Tena sehemu kubwa ya mzigo ni bahasha: anwani za kila pakiti huchukua baiti 40, na kwa pakiti 50 hiyo ni kilobiti 16 kwa sekunde kabla hujasema neno. VoLTE huzibana bahasha hizo zikabaki baiti chache. Simu za kupitia programu haziwezi, na hii ni mojawapo ya sababu WhatsApp hula chaji kuliko simu ya kawaida. Sababu nyingine ni kwamba prosesa kubwa ya simu hulazimika kukaa macho muda wote wa mazungumzo.

Kwanza, zima kila kinachopandisha. Mtu mmoja chumba cha pili simu yake inahifadhi picha za harusi mtandaoni, na ruta imezipanga picha zote foleni. Pakiti yako ya sauti inasimama nyuma yake. Ucheleweshaji ukivuka milisekunde 150 kwa upande mmoja mazungumzo huanza kukosa raha, na ukifika 400 mnaanza kukanyagana maneno. Kujua kama ndiyo hiyo: tuma ping (hupima kwa milisekunde muda wa pakiti kwenda na kurudi) huku nyumba imetulia, kisha tuma tena huku mtu anapandisha video. Ikitoka 40 ikaenda 900, umempata mwizi. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuweka ukomo wa upandishaji chini kidogo ya kasi halisi ya laini, yapata asilimia 85 au 90, ili foleni isijengeke. Ruta ikiwa na mpangilio wa foleni wa fq_codel au CAKE, uwashe huo. Unazipa pakiti ndogo njia yake.

Pili, tazama nguvu za kifaa cha Wi-Fi chenyewe. Mafundi wengi hukifungulia mpaka mwisho wakidhani wanasaidia. Kifaa cha ukutani kina umeme wa ukutani. Simu ina betri. Kikipaza sana, simu iliyoko ghorofa ya tatu huona vijiti vyote na kung'ang'ania, lakini yenyewe haina sauti ya kujibu mpaka kule. Unasikia, husikiki. Ni kisa kilekile cha mnara, kwa umbo dogo, na chaji huisha vilevile. Mahali panapopigwa simu, kila pembe isome -67 dBm au bora kuliko hapo, na ni afadhali vifaa vitatu vinavyosema taratibu kuliko kimoja kinachofoka.

Vikiwa vitatu linakuja jambo la kuhama. Mtu anatembea akiongea kutoka chumbani kwenda mkahawani na simu haiachi kifaa cha kwanza mpaka kimezimika kabisa. Kupunguza nguvu kunasaidia, na viwango vya 802.11k, v na r, vikiwashwa, huifanya simu ijue jirani yuko wapi na iingie bila kubisha hodi upya. Simu za zamani wakati mwingine hukataa kuunga ukiwasha r. Jaribu na simu tatu nne kabla ya kuondoka.

Tatu, usingizi. Simu iliyo kwenye Wi-Fi hulala na kuamka kusikiliza tangazo la ruta, ambalo hutoka takriban kila milisekunde 102. Kwa ujumbe ni sawa. Kwa sauti ya vipande vya 20, vipande vitano vinakaa mlangoni vikisubiri, kisha vinaingia kwa mkupuo. Suluhisho liko ndani ya WMM, mpangilio wa ruta unaotanguliza sauti: simu ikiamka kutuma kipande chake, ruta humkabidhi palepale kilichokuwa kikimngoja, naye akarudi kulala. Sauti inanyooka na chaji inabaki, vyote viwili. Mtu akizima WMM kwenye ruta kwa kusoma ushauri wa zamani kwamba inaongeza kasi, anavipoteza vyote. Iwashe. Upande wa simu, hakikisha programu ya kupigia haimo kwenye orodha ya zinazobanwa na hali ya kuokoa chaji; dalili yake ni simu inayokatika au kunyamaza skrini ikizima tu.

Ukitumia masafa ya gigahezi 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, si nyingine yoyote katikati. Kisha jiulize kama umevaa Bluetooth, maana nayo inakaa humohumo 2.4, na mwili wako umejaa maji: simu ikiwa mfuko wa nyuma na kisikizi kikiwa sikio la upande wa pili, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Hamia 5 ikiwa ruta inayo. Na ukishangaa kwa nini kisikizi kinachopiga muziki safi kinageuka redio mbovu simu ikiingia, ni kwa sababu muziki huja upande mmoja tu kwa njia pana, ila maiki ikihitajika hubadilisha kwenda njia nyembamba ya kwenda na kurudi. Vipya vinafanya vizuri zaidi. Vya bei ya chee utavizoea tu.

Kwa simu za mezani za ofisini zinazopita kwenye intaneti, kama simu inaunga lakini upande mmoja hausikii kitu, si kukatika bali kimya tupu, zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia simu za intaneti, kabla ya jambo lolote. Inajifanya kusaidia na kuharibu anwani za sauti.

Na kama ndugu yako yuko Dubai na simu ya WhatsApp inaita lakini haiungi, usiniletee simu. Falme za Kiarabu zimezuia simu hizo kwa miaka. Tafuteni programu iliyoruhusiwa kule.

Sauti haina neno, chaji ndiyo haikai

Piga simu na uiweke sikioni, kisha uitoe taratibu. Skrini ilikuwa imezima? Kama ilikuwa inawaka muda wote, kihisi cha ukaribu kimefunikwa na protekta au uchafu. Skrini ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote, na zaidi ya hapo shavu lako linabonyeza vitufe: watu wamejizimia maiki kwa shavu kisha wakalaumu mtandao.

Halafu laini ya pili. Huku kwetu simu bila laini mbili ni kama kiatu kimoja. Ikiwa moja ya laini hizo haina mnara unapolala, simu itasachi usiku kucha, ikipitia masafa yote moja baada ya jingine. Utaamka na asilimia 60 uliyoacha na 95. Izime laini hiyo kwenye mipangilio ukifika nyumbani. Kwenye boti au shamba lisilo na mtandao kabisa, weka hali ya ndegeni. Hapohapo kuna jibu la ugomvi wa mke na mume: simu nyingi za laini mbili zina redio moja ya kuongea. Ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, anayepiga ya pili anaambiwa hupatikani. Hukuzima simu. Mwonyeshe mistari hii.

Inazima ikiwa asilimia 25, tena nikipiga tu

Betri imezeeka. Ikizeeka, ukinzani wake wa ndani hupanda. Mkondo mkubwa ukivutwa ghafla, volti huporomoka na simu hujizima ikidhani chaji imekwisha. Na nini huvuta mkondo mkubwa ghafla? Redio inayopaza. Kwa hiyo simu hiyohiyo itavumilia mpaka asilimia 5 ukiwa chini ya mnara, na kuzima kwenye 25 ukiwa nyuma ya ukuta. Ukitaka uhakika, piga ukiwa mahali penye -85, kisha mahali penye -112, chaji ikiwa ileile. Badilisha betri, ila ujue mpya nayo itachoka mapema ukiendelea kuitesa pale pale.

Kama kuna mvumo simu ikiwa kwenye chaja tu, na kioo kinaruka chenyewe, chaja ni feki. Mvumo wa "ti-ti-ti" kwenye redio ya jirani kabla simu haijaita ni zamu za 2G zikigonga mara 217 kwa sekunde, sogeza simu.

Ukishamaliza yote haya na bado unakatika mahali pamoja, piga huduma kwa wateja, lakini usiwaambie "mtandao mbovu", hawana pa kuliandika hilo. Wape mtaa na alama ya karibu, saa tatizo lilipotokea, dBm uliyosoma ndani na nje, alama iliyokuwa juu ya simu wakati wa kupiga, kama ilikuwa 4G, H au E, na kama ni wewe usiyesikia au usiyesikika. Omba namba ya malalamiko. Baada ya siku saba simama palepale, pima tena.